Nilimkana Mtoto Mbele ya Mizani ya Kahawa

Ndugu zangu, mtoto aliyekonda kuliko watoto wote wa kijiji chetu mwaka ule wa vita alikuwa akiishi nyumbani kwangu. Na aliyeandika katika daftari, mwezi baada ya mwezi, kwamba mtoto huyo "anaendelea vizuri" ni mimi ninayesimama mbele yenu hapa Nyamiaga.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Najijua. Nikianza mbali nitatafuta kichaka cha kujificha, nitawasimulia habari za mvua na habari za vita, mtanipigia makofi na nitakaa bila kusema nililoitiwa. Sasa limeshatoka. Nipeni nafasi nilieleze kwa utaratibu, maana najua wengi mliokaa hapa mmechukua watoto wa kulea, na wengine mtachukua.

Majina sitataja. Wengine wangali hai na wengine hawakuniruhusu.

Wakati ule nilikuwa Bibi Maendeleo wa kata, kule Kibimba. Kazi yangu ilikuwa kutembea. Watu walipohamishiwa vijijini, nilipita nyumba kwa nyumba kuona kama kuna choo, kama kuna kichanja cha vyombo, kama watoto wako shuleni. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu na kalamu mbili, moja ya akiba. Nilipenda kuandika. Nikiona jambo naliandika, na nikishaliandika naona kama nimelimaliza. Kumbukeni hilo, ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Katika kutembea huko, kabla hata ya vita, jambo moja lilikuwa likiniuma. Kila kijiji kilikuwa na yatima wawili watatu waliochukuliwa na jamaa. Nikiuliza, "Mtoto huyu anakula vizuri?" naambiwa, "Anakula kama wengine." Kila nyumba jibu ni hilo hilo. Lakini macho yangu yalikuwa yanaona shingo nyembamba na magoti makubwa. Nikajiambia, hapa nadanganywa. Lazima nipate njia ya kuona mwenyewe, nisitegemee midomo ya watu.

Basi vita ikaja. Watu wa kaskazini mwa mkoa wakakimbia, na katika kukimbia watoto wakapotezana na wazazi wao. Siku moja lori likashusha watoto kumi na mmoja mbele ya ofisi ya kijiji. Kila mmoja alikuwa na blanketi moja na sahani moja ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Ofisi ikasema: Bibi Maendeleo, wagawe katika kaya, uwafuatilie, ulete taarifa kila mwezi.

Nilipoziona zile sahani, nikaona nimepata njia.

Nikaitisha mkutano, nikatoa agizo. Mtoto wa kulelewa apakuliwe chakula chake katika sahani yake mwenyewe. Apakuliwe wa kwanza, kabla ya watoto wa nyumba. Sahani ijae. Mimi nitapita saa za kula, bila taarifa, na nitaitazama. Nyumba nitakayokuta sahani haina kitu, mtoto nitamhamisha.

Mzee mmoja akauliza, "Bibi Maendeleo, na watoto wangu mimi nao utawaletea sahani?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Watoto wako wana baba." Nilijiona nimejibu kwa hekima kubwa.

Mtoto mmoja nikamchukua mwenyewe. Alikuwa binti wa miaka saba hivi, mpole, mwenye sauti ndogo. Nitamwita Binti tu. Niwaambie ukweli wa kwa nini nilimchukua: baba wa wanangu alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani, na moyoni niliona nikimpokea mtoto wa vita, Mungu naye atamtunza mume wangu kule vitani. Tena Bibi Maendeleo hawezi kugawa watoto kwa wengine halafu kwake kukawa hakuna. Watu wangesema. Kwa hiyo nilikuwa nafanya biashara na Mungu, na pia nalinda jina langu. Huruma ilikuwepo, sikatai, lakini haikuwa mbele.

Agizo likafuatwa. Ndugu zangu, lilifuatwa vizuri mno! Nikipita saa saba mchana nakuta mtoto amekaa pembeni na sahani yake, imejaa ugali na maharage, au ndizi. Naandika: sahani imejaa. Nyumba ya pili: sahani imejaa. Afisa mmoja akaja kutoka wilayani, nikamzungusha, akatazama sahani, akasema, "Hii ni kazi ya kisayansi." Maneno hayo nilikaa nayo kama mtu aliyepewa kitenge kipya. Nilikuwa nikiyatoa kila siku nayatazama.

Nyumba moja tu ilinisumbua. Ni ya mama mjane, kule mwisho wa mstari wa nyumba. Mjane huyu alikuwa na migomba yake mizuri kule bondeni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kumwambia ahame. Tulikuwa hatupendani sana. Nilipita kwake mara tatu nikakuta mtoto niliyempa anakula na watoto wengine kwenye sinia moja, wamelizunguka kama vifaranga.

"Sahani iko wapi?" nikamuuliza.

"Ile pale, inafunika mtungi wa maji. Inauenea vizuri kweli."

"Mama, nilitoa agizo."

"Nililisikia. Lakini mtoto wangu mwenyewe sijampa sahani, huyu nimpe ya nini? Ana kidonda mkononi?"

Nikamwandika katika daftari: mkaidi. Nikamwambia mwezi ujao nikikuta hivi, mtoto atahama. Yeye akanikaribisha ugali. Nikakataa, nikasema nina nyumba nyingi za kutazama.

Sasa turudi kwangu. Binti alikuwa akila kwenye sahani yake, amekaa kwenye kigoda, na wanangu wawili wanakula kwenye sinia chini kwenye mkeka. Akimaliza anasema, "Asante, Bibi Maendeleo." Na kila siku alikuwa anabakiza kidogo. Tonge moja, matonge mawili. Mwanangu wa kiume, ambaye alimzidi mwaka mmoja, alikuwa anasubiri hicho kilichobaki kama paka. Mimi nikaandika: anashiba, tena anabakiza.

Mama zangu, naona mnatikisa vichwa. Ninyi mmeshaelewa. Mimi niliyesoma sikuelewa.

Kwetu sisi ni nani anayepakuliwa peke yake, tena wa kwanza? Ni mgeni. Na mtoto aliyelelewa vizuri, akiwa mgeni, anafanyaje? Haombi kuongezewa. Hakwangui sahani. Anabakiza kidogo ili mwenye nyumba asione aibu kwamba chakula hakikutosha. Mimi mwenyewe mama yangu alinifinya nilipokwangua sahani kwa watu! Na watoto wa kwenye sinia wanafanyaje? Wanagombana, wanakwangua, wanapiga kelele, "Mama, umekwisha!" na mama anaongeza. Sinia linaongezwa mara mbili, mara tatu. Sahani haiongezwi hata mara moja. Niliwageuza watoto kumi kuwa wageni kila siku ya Mungu, na mgeni wa kila siku hufa kwa adabu. Kijijini wakaanza kuwaita "watoto wa sahani". Nilisikia jina hilo kwa masikio yangu. Nikadhani ni sifa.

Akaja muuguzi. Alikuwa mama mtu mzima, Msubi wa upande wa Biharamulo, ameletwa kutazama watoto wa vita katika vijiji. Hakuuliza habari za sahani. Aliuliza, "Mizani mnayo?" Tukasema hatuna mizani ya watoto, tuna ya kahawa, ile ya kuning'iniza, iko kwenye godauni la ushirika. Akasema, "Mtoto naye ni mzigo, leteni." Akakata gunia akalishona mfano wa kaptula, akalitundika kwenye ndoano, na watoto wakaanza kupandishwa mmoja mmoja. Wanacheka, wanarusha miguu. Watu walijaa kama siku ya mnada.

Alipima watoto wa kijiji na watoto wa kulelewa, umri kwa umri, akaandika. Mwezi uliofuata akarudi, akapima tena. Siku hiyo ya pili ndiyo ninayokuja kuisema.

Alipomaliza alitazama karatasi zake, akasema, "Watoto wa kijiji wamepanda wote, hata kama ni kidogo. Watoto wa lori hawakupanda, wengine wameshuka. Isipokuwa mmoja." Akamwita yule wa kwa mjane. "Nani anamlea huyu?"

Mjane akasogea. "Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Unamlisha nini?"

"Kile tunachokula."

"Na sahani yake?"

"Imefunika mtungi."

Watu wakaangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Akageuza karatasi, akamwita Binti, akampandisha tena kwenye gunia, akamshika mkono, mkono wote ukaenea kati ya kidole gumba na cha pili. "Na huyu? Ndiye aliyeshuka kuliko wote. Huyu analelewa na nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na daftari kifuani.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna muda mfupi sana ambao mtu anaweza kusema "mimi". Ukipita, umepita. Niliona macho ya watu yanageuka kuja kwangu. Nilimwona afisa wa wilayani, naye alikuwepo siku hiyo. Nikasema:

"Analelewa kule juu."

Kwa mkono nikaonyesha kilimani, kusiko na nyumba ya mtu.

Muuguzi alikuwa mgeni, akaandika. Watu wa kijiji walikuwa wanajua, wote, wakanyamaza. Mjane alikuwa anajua, na ndiye aliyekuwa na haki ya kunilipa siku ile. Alitazama chini tu. Na Binti alikuwa bado ananing'inia kwenye lile gunia. Alinisikia. Alinitazama, akatazama kilimani nilikoonyesha, kisha akarudisha macho kwangu.

Mnaomjua Petro mnajua kwamba yeye aliulizwa mara tatu. Mimi nilitosheka na mara moja.

Nilirudi nyumbani. Nikapika. Nilipoingia chumbani kuwaita watoto, nikamkuta Binti amekunja blanketi lake, amelikunja vizuri kabisa, pembe kwa pembe, na juu yake ameweka sahani. Amekaa kando.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

Akasema, "Bibi Maendeleo, kule juu ni kwa nani? Niende leo au kesho?"

Hakuwa analia, wala hakunilaumu. Alikuwa amezoea kuhamishwa, alitaka kujua saa tu. Mwanangu akadakia kutoka mlangoni, "Anaondoka? Basi ugali wake nile mimi?"

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilimwambia, "Hakuna kule juu. Nilisema uongo." Akaniuliza, "Kwa nini?" Na hilo swali, ndugu zangu, sikulijibu siku ile, na leo mnaponisikia ndiyo kwanza naanza kulijibu.

Asubuhi nilimfuata muuguzi alikolala. Alikuwa anafunga mizigo yake. Nikamwamkia, nikasema, "Mama, yule mtoto aliyeshuka analala kwangu." Nilidhani atanifariji, au atanitukana. Aliniuliza, "Umeandika?"

"Wapi?"

"Katika hilo daftari. Wewe si mtu wa kuandika? Andika."

Nikafungua. Nikakata "anaendelea vizuri", mistari yote, nikaandika: amepungua, analelewa na mimi. Alisoma, akasema, "Sasa tunaweza kufanya kazi." Akaahirisha safari siku mbili.

Siku hizo mbili alinifundisha zaidi ya miaka yote niliyotembea. Kwanza alisema, "Mwanangu, umetazama chakula, hukumtazama mtoto." Pili, alinikataza kusimama mlangoni. Nikienda nyumba ya mtu nikae, ninawe, nile nao, nione mkono wa nani unafika na wa nani haufiki. Tatu, mtoto nimuulize mwenyewe, tukiwa wawili, tukienda kuteka maji au kuokota kuni, na nisiulize kama anashiba, maana mtoto mwenye adabu atasema anashiba. Niulize: ukitaka zaidi, unamwambia nani? Tukawauliza wote. Kumi walisema, "Simwambii mtu." Wa kwa mjane alisema, "Nampigia kelele mama."

Na mizani iwe inatundikwa kila mwezi, na matokeo yasomwe mbele ya watu, ya kwangu yakiwa ya kwanza.

Nikazunguka kufuta agizo langu. Hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote. Yule mzee wa siku ile alinisubiri kwenye kizingiti. "Bibi Maendeleo, jana sahani, leo sinia. Kesho tukae tayari, utatuletea beseni?" Nikamwambia, "Mzee wangu, nilikosea." Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasema. Kisha akasema, "Ingia basi ule." Nikaingia, nikala.

Kwa mjane nilikwenda mwisho. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Alinikatiza. "Siku ile ningeulizwa mbele ya watu, ningesema ni wako. Sikuulizwa, nikanyamaza. Usinishukuru kwa kunyamaza, maana yule mtoto nami nilimnyamazia." Akanipakulia. Nikala kwenye sinia la mwanamke niliyemwandika mkaidi, na ugali wake ulikuwa wa muhogo, mweusi, na mtamu.

Msidhani mambo yalinyooka mara moja. Niliiondoa sahani, nikamwita Binti akae mkekani na wenzake. Akaja, akakaa, lakini mkono wake ulikuwa unasubiri mikono yote itoke ndipo unaingia. Matonge matatu, anasema asante. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Mizani ikasomwa mbele ya watu: wa Bibi Maendeleo, hajapanda. Nilisimama nikasikiliza.

Kisha siku moja nilikuwa nje napepeta maharage, nikasikia vita vya ndani. Chungu kimeanguka. Mwanangu anapiga yowe, "Mama! Kaninyang'anya ukoko!"

Na sauti nyingine, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, "Mama, mwongo huyu! Wake ameshakula! Huu ni wangu!"

Nilibaki na ungo mkononi. Nikaingia, nikawakuta wamevutana, Binti ameng'ang'ania ule ukoko na masizi mpaka puani. Nilipaswa kuwachapa wote wawili kwa ajili ya chungu changu. Nilikaa mlangoni nikalia, na mwanangu akadhani nalilia chungu, akampa mwenzake ukoko wote.

Mwezi huo alipanda. Na uliofuata. Na karibu watoto wote wa lori walipanda, nyumba moja baada ya nyingine, bila mtu kuongezewa shamba wala debe la unga. Unga ulikuwa uleule.

Sasa nishukuru. Namshukuru yule muuguzi, popote alipo, kwa kutonifariji mapema. Namshukuru mama mjane, aliyenionyesha kwa vitendo nami nikamtishia. Nawashukuru majirani walionipokea nilipokwenda kusema nimekosea, maana wangeweza kunifungia milango. Namshukuru baba wa wanangu, aliyerudi salama akakuta mtoto mmoja zaidi kwenye mkeka, akasogea tu.

Na ninyi walezi wenzangu, ninalowaachia ni dogo. Mtoto wa mtu usimpe heshima ya mgeni. Mpe nafasi ya kugombana. Akikuambia ameshiba, angalia mkono wake, usisikilize mdomo. Na ukiwa na daftari, jiandike wewe wa kwanza.

Limebaki moja, kisha nikae.

Vita ilipokwisha, wilayani walileta barua kwamba mjomba wa Binti amepatikana, na karatasi zake ziko sawa. Akaja na gari la serikali, mtu mtaratibu, mnyamavu. Nikamuuliza Binti, "Unamkumbuka?" Akasema, "Kidogo." Nikafunga blanketi lake, nguo mbili, na ukoko aliouomba mwenyewe nikaufunga kwenye jani la mgomba. Ile sahani nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya kichanja, kwa makusudi, ili isiende naye. Sikutaka aende mahali pengine akae pembeni na sahani.

Akanikumbatia, akaniita mama, gari likaondoka.

Nilimwandikia mjomba barua mbili, nikamweleza habari za sinia. Sijapata jibu mpaka leo. Na jioni ile alipoondoka, nilipokwenda kuosha vyombo, nilitazama juu ya kichanja. Sahani haikuwepo.